Mgonjwa wa Ini Akipoteza Raha: Mwongozo kwa Anayemuuguza Nyumbani

Karibu kila wiki mtu hunisimamisha njiani, uwanjani Mkunguni au mbele ya duka la dawa, akaniuliza lile lile. "Dada, mume wangu ana maradhi ya ini na sasa hasemi na mtu. Ni ini au ni mawazo?" Mwingine: "Mama amekataa dawa, nifanyeje?" Na wa tatu, kwa sauti ya chini: "Kuna dawa ya moyo mzito isiyomwumiza ini?" Nimejibu kwa mdomo mara nyingi. Sasa naandika, ili anayeuguza awe na kitu cha kurudia usiku wakati hana wa kumuuliza.

Mimi ni muuguzi hapa Lamu, lakini mengi ya haya niliyajua nyumbani kabla ya wadini. Kaka yangu, fundi wa majahazi, alipimwa akakutwa na homa ya ini aina B, na ini lilikuwa limeshaingia makovu. Miezi ya mwanzo alijikaza. Kisha akaacha kwenda barazani baada ya magharibi, akaacha redio yake, na kila akisemeshwa jibu likawa moja: "Niwateni nipumzike." Sote tulisema ini limemchosha. Siku nilipogeuza godoro lake nikapata vidonge vya zaidi ya mwezi mzima, vimefungwa kwenye karatasi. Hakuwa amechoka tu. Alikuwa amekata tamaa, na mimi muuguzi nilikuwa nikilala chumba cha pili.

Hospitalini hali hiyo huitwa unyogovu. Wenzetu wa Tanzania husema sonona. Humpata mtu mwenye ugonjwa sugu wa ini mara nyingi kuliko watu wazima wengine, na hutibika hata pale ambapo ini lenyewe halitarudi kama zamani. Kazi yako kubwa ni kuchambua: kipi cha ini, kipi cha moyo. Ukiviacha vichanganyike, kimoja hujificha nyuma ya kingine.

KABLA YA KUANZA

Tayarisha haya:

- Daftari dogo na kalamu. Usitegemee kumbukumbu, ukikesha na mgonjwa siku tatu, huijui Jumanne wala Alhamisi.
- Dawa zake zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za mitishamba, na chupa alizoletewa na jamaa.
- Kadi ya kliniki na karatasi za vipimo, hasa za karibuni.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Usajili wa SHA, bima ya afya ya taifa la Kenya. Bima hii ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama hajasajiliwa, piga *147# ufuate maelekezo leo, si siku mtakayokuwa foleni.
- Mtu wa pili wa kushika zamu. Hata kama ni mpwa wa miaka kumi na minane anayeweza kukaa naye saa mbili tu, mtaje mapema na mkubaliane.

Halafu soma hili kwanza. Ukiona mojawapo ya dalili zifuatazo, uache mwongozo huu, mpeleke hospitali sasa hivi: anatapika damu, choo ni cheusi na kinanata kama lami, amechanganyikiwa hajui yuko wapi, au analala hata kumwamsha ni kazi, tumbo lenye maji linauma na ana homa, au amesema anataka kufa na unaamini anaweza kujidhuru. Walio Pate, Faza au Kiunga wajue nambari ya mwenye boti tangu leo, na wajue maji yanajaa saa ngapi. Bamvua na maji mafu havimsubiri mgonjwa.

HATUA ZENYEWE

1. Ondoa kwanza ukungu wa ini.

Ini likishindwa kusafisha damu, sumu hufika kwenye ubongo. Mtu huwa mzito, mkimya, msahaulifu, hulala mchana na kukesha usiku. Kwa mbali hufanana kabisa na huzuni. Hapa nitaiita hali hii ukungu wa ini, na nataka uitafute kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu dawa yake ni tofauti, na ukungu wenyewe unaweza kumzorotesha mtu kwa siku mbili tatu tu.

Fanya hivi kila asubuhi kwa siku nne au tano, uandike kwenye daftari:

Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vimeinuliwa kana kwamba anasimamisha gari, vidole vimetanuka, akae hivyo nusu dakika. Viganja vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi kama bawa la ndege, hiyo ni alama ya ukungu. Mtu mwenye huzuni pekee hana hilo.

Mwambie ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, wewe ukihesabu. Chini ya kumi, mpeleke kliniki. Kati ya kumi na kumi na tano, liandike umwambie daktari. Mvuvi wa kwetu anaweza kukumiminia changu, tafi, nguru na kolekole bila kupumua, kwa hiyo mlinganishe zaidi na nafsi yake ya wiki iliyopita kuliko na mtu mwingine.

Mpe kalamu aandike jina lake. Mwandiko ukianza kuvurugika siku hadi siku, karatasi yenyewe ni ushahidi; ichukue uende nayo.

Uliza habari ya choo, bila haya. Kufunga choo ni moja ya sababu kubwa za ukungu. Nyingine ni maambukizi, kuvuja damu ndani, kukaukiwa maji, na dawa za usingizi. Kama ameandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Wengi huiacha wakiona aibu ya kwenda msalani, hasa kama choo kiko uani. Wengine huinywa mno mpaka wakaharisha na kukauka, na hilo nalo hurudisha ukungu.

Kama ukungu upo, unatibiwa kwanza. Kama haupo, au umeondoka na bado mtu hana raha, endelea.

2. Uliza maswali mawili, kwa maneno ya nyumbani.

Usianze na jina la ugonjwa. Ukimwambia baba wa Kiamu "una unyogovu," atakwambia hapana, na mlango umefungwa. Kwetu mtu husema moyo mzito, moyo umekufa, dhiki ya nafsi, nimetekewa. Tumia hayo.

Swali la kwanza: "Katika wiki mbili hizi, yale uliyokuwa ukiyapenda bado yana ladha?" La pili: "Siku ngapi katika hizo moyo umekuwa mzito, au umeona hakuna la kutumainia?"

Chagua wakati na mahali. Wanaume wengi husema wakiwa na kazi mkononi, wanashona wavu au wanamenya muhogo, macho yakiwa kwenye kazi. Mama yangu husema wakati anasukwa nywele. Usiulize mbele ya wageni waliokuja kumwangalia. Mbele yao atasema alhamdulillah, na amesema kweli kwa adabu, lakini hujapata jibu lako.

Jibu likiwa zito kwa lolote kati ya mawili hayo, hospitali hutumia karatasi ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, na ipo kwa Kiswahili. Inauliza kuhusu raha, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza mawazo, kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali ni alama 0 hadi 3 kulingana na wingi wa siku, jumla 27. Kuanzia 10, mtu anahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa likipata hata 1, anaonwa siku hiyo hiyo.

Onyo kwa anayemuuguza mgonjwa wa ini: usingizi, uchovu na hamu ya kula huharibika kwa ini peke yake. Ndiyo sababu wengine huambiwa wana unyogovu kumbe ni mwili, na wengine, kama kaka yangu, huambiwa ni mwili kumbe moyo umezama. Yatazame zaidi maswali ambayo ini haliwezi kuyajibu: amepoteza raha ya vitu? Anajiona mzigo? Ameacha kutazamia kesho? Mgonjwa aliyechoka kwa ini hutamani kwenda arusini ila miguu haimfikishi. Mwenye unyogovu hata kadi ya mwaliko haifungui.

3. Uliza kuhusu kufa. Uliza waziwazi.

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo ninayokuomba usiiruke. Kuuliza hakupandi wazo kichwani. Mara nyingi kunampunguzia mtu mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Sema: "Kuna wakati unaona ni bora usiamke? Umewahi kufikiri kujidhuru? Umefikiria kwa njia gani?"

Wengi hunyamaza kwa kuogopa dhambi, na wengine kwa kuogopa polisi. Juu ya la polisi, mwambie: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichokuwa kikimwadhibu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Juu ya dhambi, usimhubirie saa hiyo. Msikilize.

Akikubali kwamba amefikiri, usimwache peke yake. Ondoa dawa zote chumbani uzishike wewe, hasa parasetamoli, ambayo kwa wingi humaliza ini. Ondoa dawa za wadudu na za panya, ondoa kamba. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure, na Befrienders Kenya wako kwa 0722 178 177. Kupiga simu hakuchukui nafasi ya kwenda hospitali.

Na jambo jingine la kuliangalia: mtu aliyekuwa amezama wiki nyingi akiwa mtulivu ghafla, akaanza kugawa vitu vyake, kulipa madeni madogo na kuomba radhi nyumba kwa nyumba, usifurahi haraka. Muulize tena siku hiyo.

4. Nenda hospitali ukiwa na maneno tayari.

Anzia palipo karibu: King Fahd kwa wa Lamu mjini na Shela, Mpeketoni au Faza kwa wa huko, hospitali ya kaunti ndogo kwa wa Malindi, Watamu na Mambrui. Uliza siku ya kliniki ya afya ya akili ni ipi, kwa maana si kila siku. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukuulizia kabla hujalipa nauli ya boti au ya matatu. Kesi nzito za ini hupewa barua ya kwenda Mombasa, hospitali kuu ya Pwani.

Chumbani mwa daktari muda ni mfupi. Sema hivi, au karibu na hivi: "Ana ugonjwa sugu wa ini kwa sababu hii. Tangu mwezi fulani amepoteza raha, na hii hapa alama yake ya maswali tisa. Mikono haipigi, wanyama alitaja kumi na wanane. Dawa anazotumia ni hizi zote mfukoni. Mishipa ya damu ya koo la chakula imeshapimwa au haijapimwa." Kisha uliza kama damu yake, sukari, tezi la shingo na kiwango cha sodiamu, chumvi ya damu, vimeangaliwa. Upungufu wa damu, tezi iliyolegea, na sodiamu iliyoshuka kwa dawa za kukojoza maji ya tumbo, vyote humfanya mtu azame kama mwenye huzuni.

Kuna dawa ambazo zenyewe huvuruga raha ya mtu. Prednisoloni, wanayopewa baadhi ya wenye ini linaloshambuliwa na kinga ya mwili wao, inaweza kumpandisha na kumshusha mtu. Intaferoni, kwa wachache wanaoipata, inajulikana kwa kuleta unyogovu. Mwulize daktari, usiache dawa kwa uamuzi wako. Tenofovia ya homa ya ini B ikikatizwa bila mpango, kirusi kinaweza kufufuka na kulishambulia ini kwa nguvu.

5. Ukiandikiwa dawa ya unyogovu, jua unachokipokea.

Dawa nyingi za unyogovu huvunjwavunjwa na ini. Ini bovu huzivunja polepole, zikarundikana. Kwa hiyo kanuni ni kuanza na kipimo kidogo, mara nyingi nusu, na kupanda taratibu. Madaktari wengi huelekea kwa setralini, esitalopramu au sitalopramu. Hii ya mwisho kwa mgonjwa wa ini haivuki miligramu 20 kwa siku. Ini likiwa limechakaa sana hata hizi huhitaji uangalifu mkubwa, na daktari anaweza kuona heri asitoe.

Duloksetini haimfai mwenye ugonjwa sugu wa ini. Amitriptilini, ambayo hupatikana kwa urahisi na ni rahisi bei, hulevya na kufunga choo, na unakumbuka kufunga choo kunaleta nini. Ukiiona kwenye karatasi, uliza kwa heshima: "Daktari, hii haitamletea mkanganyiko?" Hakuna daktari mwema atakayekasirika. Diazepamu ya kumlaza usingizi usiinunue kabisa.

Dawa za jamii ya setralini huongeza kidogo uwezekano wa kuvuja damu. Kama ile mishipa ya koo la chakula imevimba, daktari lazima ajue. Na usizichanganye na ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini, ambazo mgonjwa mwenye makovu ya ini hapaswi kuzigusa hata bila dawa nyingine. Kwa maumivu, parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya kawaida, na kwanza uwe umeulizia.

Nguvu ya dawa huonekana baada ya wiki mbili hadi sita. Siku za mwanzo kichefuchefu na kuumwa kichwa vinaweza kuja kabla ya nafuu. Akipata nafuu haachi siku ile. Kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi, na kuacha ni kwa kupunguza.

Kwa unyogovu mdogo na wa kati, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa hufanya kazi vizuri, na hayalibebeshi ini chochote. Omba hayo kwanza kama yapo.

6. Panga siku yake.

Usingoje apate hamu ndipo aanze. Katika maradhi haya kitendo hutangulia, hamu hufuata nyuma, tena kwa kuchelewa.

Chagua jambo moja dogo la asubuhi na moja la jioni, yawe ni yake, si ya kubuniwa hospitalini. Kaka yangu sikumwambia atembee kwa afya. Nilimwomba anitengenezee mguu wa kigoda. Siku ya kwanza alishika msasa dakika kumi akauweka chini. Siku ya nne alimtukana mtoto kwa kumletea msumari usiofaa, nami nikaingia jikoni nikalia kwa furaha, maana alikuwa amerudi kujali. Mama wa Malindi anaweza kuchambua mchicha, kuosha mchele, kuchagua kanga ya kuvaa. Andika kwenye daftari: alifanya, hakufanya, na moyo ulikuwaje baadaye kutoka sifuri hadi kumi.

Chakula kiwe kidogo na mara nyingi. Wapo watakaokwambia mgonjwa wa ini asile mayai, samaki wala maharagwe. Ushauri huo ni wa zamani. Ini lenye makovu linahitaji protini, na misuli ikiyeyuka mtu huchoka na kuzama zaidi. Mpe samaki mbichi wa kupaka, mayai, mbaazi, kunde, maziwa. Usiku kabla ya kulala ale kitu, uji wa maziwa au hamri na mbaazi zilizobaki, kwani mwili wake hauwezi kukaa na njaa usiku kucha kama wako. Chumvi ndiyo adui, hasa tumbo likijaa maji: papa mkavu na ng'onda, ninavyovipenda, havifai kwake.

Kahawa chungu ya barazani haina ubaya. Wanywaji wa kahawa wameonekana kuwa na makovu machache ya ini. Iwe kabla ya alasiri tu, usingizi usikimbie. Asubuhi mtoe juani, na mchana asilale zaidi ya nusu saa.

7. Mrudishe kwa watu.

Homa ya ini B haiambukizwi kwa sahani, kikombe, kupeana mkono, kukumbatiana wala kulala nyumba moja. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaa, na kwa kushirikiana nyembe, sindano na miswaki. Nimeona nyumba ambapo mgonjwa ametengewa bakuli lake la plastiki, na watoto wamekatazwa kumkaribia. Hilo humkata maini kuliko ugonjwa. Pima nyumba nzima; wasio nacho kirusi wachanjwe dozi tatu, ya pili mwezi mmoja na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Watoto wengi wa Kenya wamekuwa wakichanjwa tangu 2001, kwa hiyo aliye hatarini zaidi ni wewe mtu mzima. Kisha kaa ule naye sinia moja, watoto wakiona.

Kama chanzo ni pombe, huzuni yake huwa na aibu ndani yake, na kumsimanga humrudisha mnaziini. Pombe yenyewe huleta unyogovu, na wengi moyo huinuka baada ya wiki kadhaa bila kunywa. Lakini mtu wa mnazi au chang'aa ya kutwa asikatizwe ghafla nyumbani: kutetemeka na degedege huweza kumuua. Daktari asimamie. Laini ya 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure. Miraa na muguka humnyima usingizi na chakula, na kesho yake moyo huanguka zaidi.

Aliyewahi kujidunga dawa za kulevya aombe kipimo cha homa ya ini C. C huponywa, kwa vidonge vya kama miezi mitatu, na nimeona uso wa mtu ukibadilika kwa kusikia hilo tu. Malindi kuna kliniki ya methadoni hospitalini, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini.

8. Mshehe, mchungaji, mganga.

Usigombane nao. Mtu anayesomewa kisomo na kushikwa mkono anapata kitu ambacho kidonge hakitoi. Mpaka wangu ni mmoja: kisicho na jina kisiingie kinywani. Mizizi ya kuchemshwa, unga wa kwenye karatasi, chupa za "kusafisha ini" ndizo zinazoleta watu wadini na macho ya manjano. Mwendee mshehe wewe mwenyewe kabla, umweleze hali. Wengi nilioongea nao walinielewa upesi, na mmoja ndiye aliyemshawishi mgonjwa wangu arudi kliniki.

UKIKWAMA

Amekataa katakata kwenda. Usimshike kwa nguvu isipokuwa kuna hatari ya dakika hiyo. Mwombe aende kwa ajili ya usingizi au uchovu, ambavyo ni kweli pia. Au nenda wewe na daftari, ueleze.

Mbele ya daktari anatabasamu, anasema hajambo. Mpe daktari karatasi yako kabla hajaingia. Haumsaliti.

Wiki tatu za dawa na hakuna kitu. Hesabu vidonge kwanza. Kama vimeliwa, ngoja hadi wiki ya sita, isipokuwa amezidi kuzama. Kama havijaliwa, muulize anaogopa nini. Kaka yangu alisema: "Mwaniongezea siku za kuwasumbua." Hapo ndipo tulipojua la kutibu.

Amechanganyikiwa tangu aanze dawa mpya. Rudi hatua ya kwanza, pima mikono, na umpeleke siku hiyo.

Ramadhani inakaribia naye hataki kula mchana. Hili huja kila mwaka, na huzuni ya kutofunga ni ya kweli, usiidharau. Mwenye ini lililochakaa, tumbo la maji au aliyewahi kupata ukungu asifunge, na Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Mwalike mshehe amsomee kwa sauti yake. Halafu mpe fungu katika futari: apange tende, yeye ndiye atoe fidia kwa mkono wake, aitwe mezani adhana ikilia kama wengine.

Wewe mwenyewe huli, hulali, unamkaripia kila mtu. Jiulize yale maswali mawili ya hatua ya pili. Jibu likiwa zito, weka siku yako ya kliniki kwenye lile daftari, chini ya yake, na umpigie yule mpwa ashike zamu ya Alhamisi.